Kiti Chenye Mapaja

Uzi ulikatika tena. Latifa aliulainisha ncha kwa mate, akautia upya kwenye tundu la sindano, akakanyaga cherehani, na kabla hajafika kwenye kona ukakatika. Aliutukana uzi, akamtukana na aliyeuuza pale sokoni, mwisho akajitukana mwenyewe. Kasongo nzima ilimjua kwa magauni ya harusi. Leo mfuko mmoja wa mtoto kukalia ulikuwa unamtoa jasho.

Mwenye mfuko, binti yake Anifa, alilala kwenye mkeka karibu na miguu ya cherehani. Alikuwa na miaka mitano. Homa ilimpiga angali mchanga, ikamwachia shingo inayosimama kwa shida na mgongo usiosimama kabisa. Ulimi wake haikuugusa, na ulimi huo ndio ulioanzisha kazi hii. Nyumbani kwao watu hula pamoja, wamelizunguka sinia moja, kila mmoja na upande wake. Anifa hulishwa baadaye, chali, mikononi mwa bibi yake. Jioni moja aliuliza, "Mama, sababu gani mie nakula na bati peke yangu?" Latifa akatazama juu alikotazama mtoto, akaona bati lenye kutu na utando wa buibui.

Baba wa mtoto, Hemedi, ambaye huendesha pikipiki njia ya Salamabila, alikuwa na foto kwenye simu: mfuko mkubwa wa mviringo, mtoto wa watu amekaa juu yake anacheka. "Nitarudia Ijumaa," alisema huku akiiwasha pikipiki. "Siku ile nataka nikule na mutoto wangu kwa sinia." Akaondoka zake na moshi wake. Kusema ni rahisi. Anayesema hakanyagi cherehani.

Kwanza Latifa alijaza sufi. Anifa alizama humo akabaki pua na vidole vya miguu, analalamika kwamba anasikia joto. Latifa akaitoa sufi yote, ikamwingia puani na kwenye nywele, akapiga chafya mpaka machozi. Halafu akaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akarudi na gunia la pumba. Hapo alifanya kosa ambalo mtu asiyekulia kwenye mpunga asingelifanya: aliujaza mfuko, akauanika uani ukauke vizuri, kama anavyoanika mpunga wake kila msimu, akaingia ndani kupika. Pumba za mashine hazikosi chenga za mchele, na kuku wa Kasongo hawahitaji kuambiwa. Alipotoka, mfuko ulikuwa na matundu kama chujio, na jogoo la jirani limesimama juu yake linawika.

Alilikimbiza jogoo lile kwa mwiko mpaka barabarani, watu wanamtazama. Kisha akarudi, akaziba matundu, akamkalisha mtoto. Mfuko ulikuwa mviringo kama kwenye foto. Anifa alielemea kushoto, akaporomoka. Akamwinua, akaporomoka kulia. Mara ya tatu alianguka kifudifudi akalia, na Latifa alitamani kulia naye.

"Kesho nitajaza maharagi," alisema kwa sauti. "Maharagi ni mazito, hayatatembea."

Mama mkwe wake, Bi Riziki, alikuwa kizingitini akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe. Majani yakamponyoka mikononi. "Haramu! Chakula tunakula, hatukikalii! Weye Latifa, unataka kukalisha mutoto juu ya maharagi, watu wakiwa na njaa? Na tena, mutoto iko na pa kukaa. Mapaja yangu iko na kasoro gani?"

Siku zote Latifa humjibu mama mkwe wake kwa adabu. Lakini hasira haina macho.

"Mapaja yako hayatakuwa hapa siku zote, Mama!"

Neno lilipomtoka, akatamani kulirudisha. Neno la namna ile haliambiwi mtu mzima, sembuse mama mkwe. Bi Riziki alijifuta mikono kwenye kitenge, akaja taratibu, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akamweka Anifa katikati: paja huku, paja huku, mgongo wa mtoto kwenye tumbo lake. Akamgeuzia Latifa kisogo.

Latifa alisimama na aibu yake, hajui aanzie wapi kuomba radhi. Ndipo alipoona. Anifa alikuwa amekaa. Haporomoki kushoto wala kulia, shingo imeegemea kifua, mikono yote miwili iko huru, inachezea majani ya sombe yaliyonasa kwenye kitenge cha bibi. Na mwenye kumshika hakuwa amemshika kwa mkono hata kidogo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Latifa alivua utepe wa kupimia shingoni, akapiga magoti, akauzungusha kwenye paja la mama mkwe wake.

"We!" Bi Riziki aliruka. "Unafanya nini? Unanipima sanda? Mie sijakufa!"

"Unisamehe, Mama. Nilisema vibaya. Lakini ukae vile vile, usitingishike."

"Mukwe kupima mapaja ya mama mukwe! Nani aliona hii Kasongo?"

"Bibi, tulia," alisema Anifa. "Unanisukuma."

Bi Riziki akatulia. Alilalamika kwa Mungu na kwa marehemu mume wake, lakini akatulia, hata tumbo likapimwa.

Latifa alifumua mfuko wote. Safari hii akashona vipande vitatu: mapaja mawili manene na tumbo la kuegemea, gunia kwa ndani, kitenge kwa nje. Uzi ulikatika vilevile, naye akatukana vilevile. Bi Riziki alichukua ungo bila kuombwa, akazipepeta pumba mpaka chenga zote zikabaki peke yake. "Si kwa ajili yako," alisema. "Ni kwa ajili ya muchele."

Ijumaa, baada ya swala, sinia lilitua katikati ya mkeka: wali, sombe, na samaki wa mto Lualaba. Hemedi alimbeba Anifa akamkalisha. Mtoto alielemea kushoto, paja la gunia likampokea, akabaki amekaa. Hemedi akasema bismillahi, mikono ikaingia.

Mkono wa Anifa ulitetemeka, ukapotea njia, ukavuka wali wote mpaka upande wa Bi Riziki, ukanyakua kipande cha samaki cha bibi yake.

Bi Riziki akaupiga kofi dogo. "Anifa! Kula mbele yako!"

Kila mtoto wa nyumba ile alikemewa hivyo tangu alipojua kutambaa. Anifa hakuwahi kukemewa hata siku moja. Aliurudisha mkono, akacheka mpaka wali ukamtoka mdomoni.

"Na usicheke na chakula mudomoni," alisema Bi Riziki.

Latifa alitazama upande wake wa sinia, lakini kwa machozi hakuuona vizuri.