Sifa Tatu za Maji

Mzee Mwidani alikifunga kisima cha wakfu kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa si mtu wa kuongeleshwa. Kisima kilichimbwa na mamake mzazi, hapa hapa Likoni, ili waumini watawadhe na majirani wanywe. Lakini ulipojengwa uga wa kutia nguzo za umeme dawa ya mchwa kule juu, maji yalianza kunuka lami, kisha yakaota utando. Na hukumu yake aijua kila mtoto wa chuo cha Kurani: maji yakiharibika rangi, ladha au harufu kwa uchafu, hayatawadhiwi. Mzee alinusa, akaonja, akatema, akakipigilia kifuniko misumari.

Binti yake, Mastura, alikuwa mtunza maabara wa shule ya wasichana. Alipeleka ugani barua tatu za malalamiko. Zote tatu zilipokelewa na bawabu kwa tabasamu zuri sana, na bila shaka zilimfaa kufungia mahamri. Lakini si barua zilizomuuma. Kilichomuuma ni kumwona babake, mtu wa kutaniana na kila mpita njia, akishinda barazani kimya kama aliyefiwa.

Mwalimu wa kemia, Bwana Nicanor, ndiye aliyemwonyesha makala fulani ya kusafisha maji kwa maganda ya viazi.

"Kiazi ukikimenya ukakiacha, kinakuwa aje?"

"Cheusi."

"Basi. Kwenye ganda kuna vimeng'enya vinavyofanya hivyo. Vinakamata fenoli, hiyo inayonuka, vinaifunganisha mpaka inazama."

Maganda yalikuwa bure. Wakaanga chipsi wa ferini walimjazia magunia, wakijiuliza mwanamke huyu anafuga mbuzi wangapi. Aliyatwanga, akayakamua kwa leso, na maji yake akayatia katika pipa la maji ya kisimani, aliyoyavuta kwa mpira penye ufa wa kifuniko, pamoja na ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Miezi mitano aliharibu tu. Kipimo kikizidi, maji yalikuwa rangi ya chai. Kikipungua, yalinuka vile vile. Mwezi wa sita, mwaka 1993, makapi ya kahawia yalizama chini, naye alipoyachuja maji kwa mchanga yakatoka maangavu.

Hapo ndipo alipokosea. Alijaza chupa moja aipeleke mjini kupimwa, na pipa akaliacha uani.

Babake alipita, akanusa. Akaenda, akarudi kunusa tena. Akachota kata moja, akaonja, machozi yakamlengalenga.

"Mastura!"

"Abee, baba."

"Mai yamerudi! Rangi ni yake, ladha ni yake, harufu hayana. Wallahi, mwanangu, umemfufua bibi yako."

"Ngoja kwanza majibu ya mjini, baba."

"Majibu haya hapa," akasema mzee, akijigusa pua, na akacheka.

Mastura angeweza kumkatalia. Hakumkatalia, kwa sababu kicheko kile alikuwa hajakisikia kwa miaka miwili, na alikitamani kupita majibu yoyote. Wiki haikwisha, misumari ikang'olewa. Jirani yao Dhahabu alijifunza kutwanga maganda upesi kuliko mwanafunzi yeyote wa shule ile, akawafundisha wenziwe. Msikitini watu walitawadha, majumbani wakanywa, na Mastura akaombewa dua kwa jina lake.

Majibu yalifika baada ya wiki saba. Fenoli ilikuwa imetoka karibu yote. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi: aseniki, mara nyingi kupita kiwango.

"Hiyo ni dawa nyingine ya nguzo," Bwana Nicanor alisema taratibu. "Haina harufu, haina ladha. Vimeng'enya haviigusi."

Mastura aliusoma tena ule mstari. Alielewa vizuri mno. Uvundo ule ndio uliokuwa ukiwazuia watu wasinywe sumu. Yeye ameuondoa uvundo, na sumu ameiacha.

Alikwenda mbio nyumbani. Babake alikuwa barazani na Dhahabu, mtungi katikati yao. Mastura aliwasomea karatasi, akaifasiri, akairudia.

"Hiyo aseniki," Dhahabu aliuliza, "yaonekana?"

"Haionekani."

"Yanuka?"

"Hainuki."

"Basi waijuaje?" Hakuuliza kwa kejeli, aliuliza kweli.

"Kwa udhu sawa, baba," Mastura alimsihi mzee. "Kwa kunywa, ninakuomba, la."

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu amtazamavyo mgonjwa wa homa. "Mai yanifaayo mbele ya Mola wangu, yasinifae tumboni? Umefanya kazi kubwa, mwanangu, sasa waogopa jicho la watu. Usiogope."

"Sitatwanga tena maganda."

"Pumzika," alisema Dhahabu. "Sisi twajua sasa. Leo tumetia mapipa manne."

Mastura aliwanyooshea karatasi tena. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa kwenye ile karatasi.

Babake alijaza kikombe, akampa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni wa heshima. Alikipokea, kwa kuwa ni babake. Maji yalikuwa maangavu hata akayaona maua ya kitako cha kikombe. Alikitua sakafuni bila kukigusisha mdomo.

Mzee hakukasirika. Alikiokota, kwani maji ya wakfu hayamwagwi ovyo, akapiga bismillahi, na ile sehemu ya bintiye akainywa yeye, yote.