Kompyuta Iliyovaa Sweta

Kompyuta yetu huvaa. Niliifumia sweta ya uzi wa samawati, yenye tundu la nyaya mgongoni, kwa sababu mama hakupenda kuona kitu cha nyumbani kimekaa uchi. Huwa naivua mimi, polepole, kama anavyovuliwa nguo mtoto aliyelala.

Siku shemeji alipokuja kumchukua dada wakaishi ng'ambo, dada aliivua mwenyewe, kwa pupa. Alitaka kuihamishia kwenye simu sauti ya mama. Ipo moja tu, humo ndani: marehemu mama anaimba huku akikunja nguo.

Akabonyeza. Kimya.

"Imekufa!"

"Haijafa, imenuna," kaka akasema. Kaka tunamwita Fundi Kofi, maana hutengeneza kila kitu kwa kofi, redio, feni, hata mlango. Akaizaba ubavuni. Kimya. Akachomeka taa kwenye soketi ileile, ikawaka. Akabadilisha waya, akatia ule wa skrini. Kimya.

"Kofi lako limezeeka, kaka."

"Ngoja nilinoe."

Nje, shemeji akapiga honi. Dada akaketi juu ya sanduku lake.

"Sauti ya mama isipotoka humu, siendi. Mwambieni."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, mahali pangu pa siku zote. Jua la alasiri lilipenya pazia, vumbi likaelea taratibu, kana kwamba sote tulikuwa chini ya maji. Nikaiokota sweta sakafuni. Uzi mmoja ulikuwa umefumuka. Nikaufuata kwa macho: ulipanda meza, ukazunguka nyuma ya kompyuta, ukanasa kwenye kiswichi cheusi kilicho kando ya tundu la waya. Dada alipoivuta sweta, uzi ulikivuta na kukizima.

Nikasimama, uzi kidoleni. Upande huu mimi, upande ule mashine. Ningenyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua, usiku huo miguu ya baridi ya dada ingenitafuta tena kitandani.

Honi tena. Nikamtazama dada. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini vidole vyake vilikuwa vikicheza ndani ya viatu vipya, vikielekea mlangoni.

"Kaka, hebu sogea."

"Ala! Bubu naye fundi?"

"Mimi mfumaji tu. Sogea."

Nikapitisha mkono nyuma, nikafungua ule uzi, nikakirudisha kiswichi. *Tik.*

"Bonyeza, dada."

Feni ya kompyuta ikavuta pumzi. Tukangoja skrini ipambazuke. Kisha mama akaja, akiimba, akakosea maneno, akajicheka, akaanza upya. Dada akaihamishia sauti kwenye simu yake.

Gari lilipoondoka sikutoka nje. Nilikaa karibu na mashine ikiwa bado inapumua, nikatafuta sindano, nikaanza kufuma pale palipofumuka.