Kufuli Lililokatwa

Kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Sheria hiyo haikuhitaji kubandikwa ukutani, kwa maana kila fundi wa viyoyozi aliijua kama ajuavyo jina la mamaye. Aingiaye tumboni mwa mtambo huifunga swichi kwa kufuli lake, na hapana mwingine alifunguaye, awe bosi au mwana wa bosi. Alikataye la mwenziwe, au aliachaye lake likining'inia hali ndani hamna mtu, huuweka ufunguo wake juu ya daftari la mtambo, akashuka ngazi, asirudi tena kazini.

Siku ya kuzinduliwa kwa jengo lile la ghorofa kumi na nne, saa sita mchana, kufuli jekundu la Spana lilikuwa bado kwenye swichi kuu, juu ya paa. Spana ndilo jina alilopewa na mafundi wenzake: mwanamke mwembamba, mgumu, akishika haachii. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya chungwa bila haraka.

"Dada, umemfungia jini humo?" aliuliza fundi umeme. "Huko chini wageni wanajipepea kwa kadi za mwaliko. Mheshimiwa mmoja ameshavua koti, sasa anaitazama tai."

"Akiivua, nijulishe."

Mafundi wakacheka. Spana hakucheka. Kazi ya ndani alikuwa ameimaliza tangu saa nne.

Miaka tisa iliyopita, katika jengo jingine, kaka yake aliingia ndani ya mtambo kama huu, kufuli lake likiwa mahali pake. Mhandisi, aliyekuwa na wageni wa kuwaridhisha, alilikata, akawasha. Mapanga ya feni yakachukua vidole vinne. Kisha taarifa ikaandikwa: *Fundi alisahau kufunga kufuli.* Spana aliliokota lile kufuli nyuma ya mapipa ya takataka, likiwa limekatwa shingo. Akalipeleka kila ofisi, akaambiwa kwamba kufuli laweza kukatwa popote. Vidole kaka yake alikwisha kuvizika. Jina ndilo lililokataa kuzikwa: hadi leo, mtaa mzima walimwita Msahaulifu. Ndipo dada mtu akajifunza kazi ile, akangoja. Kisasi cha haraka ni moto wa makuti. Chake kilikuwa kaa lililofunikwa majivu.

Mhandisi yule yule akatokea mlangoni akitweta, shati limemganda mgongoni.

"Fundi, mbona kimya? Washa!"

"Kufuli liko, Mhandisi. Sheria unaijua."

"Basi fungua."

"Nitafungua nikiwa tayari."

"Unanifanyia mzaha siku ya leo?" Akamgeukia fundi umeme. "Wewe! Niletee mkasi wa vyuma."

Mkasi ukaletwa. Mafundi wakasogea, kicheko kimewakauka midomoni. Spana akatia mkono mfukoni, akatoa kufuli kuukuu, akaliweka juu ya daftari.

"La kwanza ulilikata bila kupepesa jicho," alisema. "La pili lisikupe taabu."

Mhandisi alilitazama. Uso wake ukazeeka papo hapo.

"Wewe ni nani wake?"

"Tumenyonya ziwa moja."

Akate! Hilo ndilo alilolitaka Spana kwa miaka tisa: akate mbele ya mashahidi, kama alivyokata, auweke ufunguo, ashuke ngazi akitazamwa. Mhandisi akaunyanyua mkasi, nao ukaliuma kufuli jekundu. Spana akazuia pumzi.

Mkasi haukufumba.

"Kuna mtu ndani?" aliuliza Mhandisi, kwa sauti ndogo.

Swali hilo, lililochelewa miaka tisa, lilimpiga Spana kifuani kama ngumi. Neno moja tu, *yupo*, na angemweka pale juani hadi wageni waondoke. Lakini kaka yake hakupoteza jina kwa kosa. Alilipoteza kwa uongo. Nalo lile kufuli jekundu, lililokuwa halimlindi yeyote, lilikuwa linasema nini tangu saa nne?

"Hamna mtu," alisema.

"Kwa hiyo nawe umevunja sheria."

"Nimeivunja. Nitaiandika kwa mkono wangu." Akamsogezea daftari. "Na wewe?"

Kutoka chini ilisikika sauti ya mtu akijaribu kipaza sauti. Mhandisi aliuweka mkasi sakafuni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akaomba kalamu. Aliandika mistari mitatu, akaweka tarehe mbili: ya leo, na ile ya kufuli la kwanza. Hakuikosea.

Spana akaandika mstari mmoja chini yake. Kisha akalifungua kufuli lake, akafungua mlango wa mtambo, akauliza gizani, "Kuna mtu ndani?" Sauti yake mwenyewe ikamrudia. Akaufunga, akawasha.

Ufunguo wake akauweka juu ya daftari. Mhandisi naye akauchomoa wake kwenye mkufu wa kiunoni, akauweka kando yake. Wakaelekea ngazini, mmoja mbele, mwingine nyuma.

"Dada," fundi umeme aliita, "umesahau kufuli la kaka yako!"

"Sikulisahau."

Feni zikashika kasi. Upepo ukavuma juu ya paa, ukapeperusha kofia moja, ukazipekua kurasa za daftari zote, isipokuwa ukurasa uliokaliwa na lile kufuli lililokatwa.