Beseni la Mlangoni

Mtaani kwetu hapa Mokpo, mji wa bandari wa Korea, hakuna nyumba isiyo na beseni jekundu la mpira, lile kubwa la kuoshea mtoto na kuchanganyia kabichi. Kwa hiyo Dan-bi alipopita nyumba kwa nyumba akiomba mabeseni makuukuu, na kutoa jipya kwa kila kuukuu, habari ilifika saluni kwangu kabla yake mwenyewe. Wengine walisema msichana kachanganyikiwa. Mimi nilimpa mawili, moja lililopasuka na jingine la mume wangu la kuoshea miguu.

Aliyaning'iniza yote darini, katika ghala la zamani la barafu kule bandarini, akayatia taa. Ndiyo sanaa aliyosomea. Aliyekataa hata kuisikia ni mama yake. Mama Dan-bi alibeba beseni la samaki kichwani miaka nenda miaka rudi ili mwanawe asije akabeba chochote. Siku moja nikimpaka rangi ya nywele aliniambia, "Mimi nimelitua, yeye kaliokota. Huko sitii mguu."

Basi mtaa mzima tulijua: Dan-bi hakuwa akingoja wakubwa wala waandishi wa habari. Alikuwa akiungoja mguu huo tu.

Ufunguzi wa maonyesho yake aliupanga Jumamosi, na hapo ndipo alipokosea. Katikati ya wiki baridi ilishuka ghafla, na ikishashuka, kimchi ya msimu, kabichi yetu ya kuchachua kwa pilipili, haimngoji mtu. Wanawake wa mtaa hukusanyika uani kwa Mama Dan-bi kutengeneza ya nyumba zote kwa pamoja. Ijumaa tulizilowesha kabichi kwa chumvi ndani ya mabafu yetu, waume wakakosa pa kuoga. Jumamosi ilikuwa lazima zipakwe pilipili, la sivyo zingeharibika. Nani angekwenda kutazama mabeseni?

Asubuhi ikatuumbua. Mabeseni mapya ya Dan-bi yalikuwa mazuri, yana maua ubavuni, lakini madogo, kabichi tatu tu zinajaza moja. Mlima wa kabichi unachuruzika maji, pilipili na vitunguu saumu vimeshapondwa, pa kuchanganyia hapana. Mama Gil-su, ambaye ulimi wake ungeweza kupasulia samaki, akasema, "Mwanao katupora mchana kweupe, shoga, nasi tukamshukuru."

Tulicheka, kisha tukamgeukia Mama Dan-bi. Akavuta glavu zake hadi viwikoni na kutuamuru tupakie mikokoteni.

Ghalani tulikuta wageni wachache wenye makoti meusi, wakinong'ona kama wako msibani. Dan-bi alipotuona uso ulimchanua. Halafu akaziona kabichi, akaelewa tulichofuata.

Mama yake hakuingia. Alisimama kizingitini akitazama juu. Juu ya mlango, chini kuliko mengine yote, lilining'inia beseni lake mwenyewe la samaki, pamoja na ule ufa alioushona kwa mshipi wa kuvulia. Kila aliyepita, lilikuwa juu ya utosi wake.

"Mbona hili umelitundika hapa?"

"Ili kila anayeingia alibebe, Mama. Hata kwa hatua moja."

Mama Dan-bi akainua mkono, akapapasa mshono wake polepole. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo ya pilipili, mikono inakatika, na sikuthubutu kukohoa.

"Hili liache," akasema. "Mengine yashushe."

Akapita chini yake, shingo wima.

Basi ghala likawa ghala. Wale wa makoti meusi tuliwavisha glavu na kuwakalisha sakafuni. Bwana mmoja alilia machozi ya pilipili na akagoma kuondoka. Nyama ya nguruwe ikachemshwa, pombe ya mchele ikazunguka, waume wakafuata harufu. Mama Dan-bi aliviringisha jani la kwanza na kipande cha nyama ndani yake, akamtia mwanawe kinywani mbele ya watu wote.

Mabeseni yalirudi juu wiki iliyofuata, yananuka vitunguu saumu, na madoa ya pilipili Dan-bi kakataa kuyaosha. Wageni siku hizi hawapungui. Na Mama Dan-bi haji tena kwangu kupiga soga. Ameweka kiti chake pale mlangoni. Juzi nilimsikia akimkemea kijana aliyeinama kupita.

"Nyoosha shingo, mwanangu. Kwa mwendo huo samaki wote wako chini."