Serikali Nyingi, Chama Kimoja

Mwaka 1961 nchi ilikuwa na serikali nyingi kupita kiasi: moja Léopoldville, moja hapa Kisangani, nyingine Katanga, na kila moja iliziita zingine waasi. Meli zilikuwa hazipandi tena mto. Papa Feruzi, karani wa posta, aliendelea kunyoosha suruali yake kila asubuhi na kwenda kukaa mbele ya masanduku ambayo hayakuwa na barua hata moja.

Hakulalamika sana, maana nyumbani, mtaa wa Kabondo, alikuwa na redio yake ya kuongelea na watu wa mbali. Chama cha taifa cha watu wa redio, chenye ofisi Léopoldville, ndicho kilichomfundisha, kikampigania kibali, kikamtumia hata lampu za mashine zilipoungua. Basi Feruzi alikiheshimu chama kuliko alivyomheshimu mama mkwe wake. Na chama kilikuwa na sheria: hewani unasema unavyomsikia mwenzako, mashine yako ikoje, na kama mvua inanyesha. Siasa hapana. Habari za jamaa pia hapana.

Sheria hiyo ilimchoma sana mkewe, Kadidja. Binti yao Safi alikuwa Léopoldville kwa mumewe, na mimba yake ya kwanza. Siku zake za kujifungua zilikuwa zimepita, na hakuna aliyejua kama yu hai.

« Papa Safi, uko naongea na ule mutu wa Léo kila dimanche. Muulize tu kama mutoto wetu alizaa! »

« Chama ilikataza, Mama Safi. »

« Donc mashine yote hii ni ya kuuliza mvua? »

Jumapili asubuhi Hubert, katibu wa chama, aliita wanachama wa nchi nzima mmoja mmoja, kama mwalimu darasani. Nani ni mwasi wa nani, hilo halikumhusu. Alikuwa mtu mkavu. Aliwahi kumgombeza Feruzi kwa kukohoa hewani.

Zamu yake ilipofika, Feruzi akasema anasikia vizuri na huku mvua inanyesha. Kadidja alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Hubert alikuwa mzaliwa wa Kasongo, mji wa Kiswahili, ila hewani hakuwahi kutoka nje ya Kifaransa. Siku hiyo alitoka.

« Feruzi, mutoto wako Safi alikuja hapa ku biro. Alizaa mutoto mwanamuke. Wote wawili wako muzima. Walimuita Kadidja. À vous, zamu yako. »

Machozi yalimtiririka Feruzi mpaka kidevuni. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, ukajiendea wenyewe: « Bien reçu, nimepata. Nakusikia muzuri sana. Huku mvua inapunguka. »

Kadidja alimtazama kama anatazama mbuzi aliyeingia msikitini. Akampokonya mikrofoni, na kwa kuwa maneno yalimkataa, akapiga vigelegele mpaka sindano ya kupimia sauti kwenye mashine ikagonga mwisho wake.

Kadidja alipoachia kitufe cha kuongelea, Feruzi alifumba macho. Kibali kimekwenda, aliwaza, na lampu nazo zitadaiwa. Kisha ikaja sauti ya Hubert, kavu vilevile.

« Ule mutu hana kibali. Chama inakataza mambo ya vile hewani. »

Halafu akasema: « Mama, rudilia. Wa Katanga wanasema hawakusikia muzuri. »