Fomu Niliyomjazia Lazarus

Mtaa wetu wote wa Silanga walinijua kwa mambo mawili: makaa yangu hayana mawe, na mwandiko wangu ni mzuri. Nilifika darasa la saba tu, lakini mtu akitaka barua ya nyumbani au fomu ya kazi, alikuja kwangu, Akoth wa makaa. Nanawa mikono, nakaa, naandika. Hata sahihi niliwawekea. Hakuna aliyelalamika, na mimi nikazoea. Nikaona bora karatasi ijae.

Lazarus ni ndugu yangu, kitinda mimba wetu, na ni mimi nilimlea hapo Silanga. Alipomaliza Form Six mwaka wa sabini na tano, hakuwa na hadithi nyingine ila udongo. Alikuwa na kashamba kadogo ka sukuma wiki na nduma kando ya dam, lile bwawa la mtaani, na ndani ya nyumba mikebe imejaa udongo wa kila pahali: wa Silanga, wa Sarang'ombe, wa kwetu Alego, upande wa ziwa. Asubuhi sijanywa hata chai, ananiletea mkebe. "Sis, nusa huu." Ati ninuse udongo! Nikimwambia vumbi la makaa linanitosha, anacheka mpaka anakaa chini. Alitaka kusomea kilimo yunivasiti, basi.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la mzee Gachanja, mwenye duka na plot ya nyumba tulizopanga zamani Kawangware. Mwezi huo nyanya yetu alikufa, Lazarus akaenda mazishi Alego, na kwetu mjukuu haondoki matanga hayajaisha. Ndipo Gachanja akanitumia neno kwamba kuna bahasha kubwa. Nikaenda dukani kwake, nikaifungua palepale kaunta, nikasoma kwa sauti, najidai.

"Umekubaliwa kilimo. Ikiwa ungependa sheria badala yake, weka alama hapa, urudishe fomu kabla ya Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wanaume waliokuwa dukani wakacheka.

"Kilimo?" Gachanja akasema. "Akoth, hata punda wangu anajua shamba, na hakuenda yunivasiti. Kijana anapewa sheria, anashika jembe? Ai, nyinyi watu wa Lake!"

Ningemjibu. Mdomo ninao, uliza mtu yeyote Silanga. Lakini niliangalia kucha zangu nyeusi pale kwa kaunta, na wale wanaume na viatu vyao vilivyopigwa rangi, nikaona aibu. Nikajiona dada ya wakili. Nikachukua kalamu ya Gachanja, nikaweka alama, nikaweka na sahihi ya Lazarus, nzuri kuliko yake mwenyewe. Gachanja akabandika stempu, akanipa soda.

Nilifika nyumbani, ile barua nikaitia kwa jiko.

Lazarus aliporudi hata mkoba hakuwa ameweka chini. "Barua imekuja?"

"Imekuja. Wamekupa sheria. Kilimo wamekataa."

"Wamesema kwa nini?"

"Wamesema hutoshi."

Haki ya Mungu, sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilitaka tu aache kuuliza. Na kweli aliacha, hata kuiona barua hakuomba, na ile ya kumwita sheria ilikuja baadaye. Jioni hiyo alimwaga mikebe yote nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, na dam hakukanyaga tena. Kashamba kakamezwa na magugu. Mimi nikipita na gunia langu naangalia upande mwingine.

Sasa usifikiri aliharibikiwa. Alimaliza yunivasiti, akapata kazi kwa ofisi ya mawakili huko mjini. Nyumba ya mama Alego ina mabati, na mimi nina kitanda cha springi. Watu waliniambia, Akoth, umelea! Nikiambiwa hivyo najifanya napima makaa. Lazarus alikuja kila Jumapili na suti yake, akala, akauliza kama nina shida, akaenda. Kucheka kule kwa kukaa chini sikukuona tena. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa miaka sita.

Jumapili moja, mwaka wa themanini na moja, Lazarus yuko mezani, Ndunge akaingia. Huyu ni binti ya Ndeti, Mkamba anayeniletea makaa. Amemaliza Form Six, na mkononi ana fomu ya yunivasiti.

"Aunty, nijazie. Mwandiko wangu ni wa kuku."

Nikanawa mikono, nikashika kalamu. "Tuandike nini hapa kwa kozi?"

"Kilimo." Alisema akitabasamu. "Huko kwetu Kitui mvua ni ya kubahatisha. Nataka kujua udongo wetu unaweza kuzaa nini."

Nilisikia Lazarus akiweka kijiko kwa sahani.

"Ndunge," akamwambia, pole pole, kama mtu anayemtakia mema. "Biology ulipata nini?"

"C."

"Mimi nilipata A. Na nilipenda kilimo kuliko kula, muulize dada. Waliangalia karatasi zangu wakasema sitoshi. Kama mimi na A sikutosha, wewe utafika wapi na C? Usiende kujiaibisha. Kitu ukikipenda halafu kikukatae, unaona haya hata kupita karibu nacho."

Miaka sita hakuwahi kunifungulia moyo hivyo. Nilifikiri alishasahau. Kumbe kila siku, na suti yake na digrii yake, alibeba lile neno langu.

Ndunge aliinamisha kichwa. Tabasamu lote likaisha. "Basi Aunty, andika ualimu tu."

Kalamu iko mkononi mwangu. Mkono ni uleule.

"Lazarus," nikasema. "Hawakukukataa."

"Nani?"

"Yunivasiti. Ni mimi niliweka alama kwa sheria, kwa duka la Gachanja. Barua niliichoma. Hilo neno kwamba hutoshi lilikuwa langu, hawakuliandika wao. Nisamehe, nilikuwa mjinga, nilitaka kuitwa dada ya wakili."

Nilingoja anitukane. Hata kofi ningepokea. Lakini alisukuma sahani kando, na Ndunge hajui aende au akae.

"Barua ilisema nini?" akauliza. "Maneno yenyewe."

"Umekubaliwa kilimo."

"Rudia."

"Umekubaliwa kilimo."

"Tena, dada."

"Umekubaliwa kilimo," nikasema, na machozi yakanishinda.

Lazarus alivuta ile fomu kutoka mbele yangu. Kalamu nayo akaitoa mkononi mwangu, bila hasira, akampa Ndunge. "Jaza mwenyewe. Mwandiko wa kuku unasomeka."

Ndunge akaandika, ulimi nje kama mtoto wa nasari, herufi zimelala huku na huku. Lazarus alisimama nyuma yake mpaka neno kilimo likaisha lote. Kisha akafunika uso na mikono yake yote miwili.

"Kumbe nilitosha," akasema. "Kumbe nilitosha, Akoth."