Uvujaji wa Mtaa wa Juu

Mama Koki alikuwa ndani ya chemba ya valvu, magoti kwenye tope, spana ndefu ya chuma ameishika kwa mikono miwili. Kufunga maji ya mtaa wa juu ni mizunguko thelathini na miwili. Kumi ya kwanza hata mtoto anaweza. Kumi ya pili unaanza kuisikia mgongoni. Ile ya mwisho valvu inagoma, na hapo ndipo wakubwa wa ofisi ya maji hukumbuka kwamba wana simu za kupiga. Miaka kumi na mmoja amezungusha, hana glovu, hana buti, hana barua ya ajira. Kwenye daftari aliandikwa kibarua. Wenzake, kwa utani, walimwita kibarua wa kudumu.

"Umefika wa ngapi?" Meneja aliuliza. Alisimama mbali kidogo na shimo, viatu visichafuke.

"Wa ishirini na nane. Lakini Meneja, leo Jumatatu. Leo ni zamu ya mtaa wa juu. Nikiwafunga leo, nawafungulia lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa! Na Jumatano je? Wale watu watakunywa nini, mate?"

Meneja alicheka kama mtu aliyeambiwa kichekesho na mtoto wa jirani. Akachutama, akateremsha sauti. "Mama, nisikilize. Wageni wanafika saa sita. Kampuni ya dawa hiyo, si duka la dawa. Wanatafuta pa kujenga kiwanda kipya, na miji mitatu inagombea. Mmoja una umeme usiokatika. Wa pili uko pua na mdomo na uwanja wa ndege. Sisi tuna nini?"

"Tuna mgao."

"Tuna maji! Fomu yao inauliza kama tuna maji ya ziada. Watapima tangi siku nne. Wanataka kuliona limejaa mpaka linamwagika."

"Litamwagika kwa sababu nimewafunga watu."

"Litamwagika kwa sababu limejaa. Hayo ya kwa nini hayamo kwenye fomu." Aliinuka, akajikung'uta suruali. "Na barua yako ya ajira iko mezani kwangu. Inangoja sahihi tu. Wageni wakiondoka salama, naisaini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, au siyo?"

Maneno hayo hayo alikuwa ameyachapisha kwenye kitambaa kirefu na kukitundika langoni mwa ofisi.

Mama Koki alitazama mikono yake. Aliona haya, na alifunga hivyo hivyo. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Wa mwisho aliusukuma kwa kifua.

Yeye mwenyewe alikaa huko huko mtaa wa juu. Jumanne asubuhi ndoo zilikuwa bado na kitu chini. Jumanne jioni watu walianza kuteremka kwenye mtaro nyuma ya gereji, ule wenye rangi ya chai, wakichota kwa kitambaa juu ya ndoo ili kuchuja. Alipopita na spana begani watu walimwamkia kama kawaida, ila hakuna aliyesimama kuongea. Siku zote koki zilipolia wanawake walipiga kelele, "Mama yao kaamka!" na ndipo jina lilipotoka. Siku hiyo hakuitwa jina lolote.

Jumatano mchana mdogo wake, nesi wa zahanati ya mtaa, alimtumia ujumbe: *Njoo uone kwa macho yako.*

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza. Barazani watu walikaa chini, kila mmoja na kopo lake. Harufu ilimpokea toka njiani. Muuza mkaa, bibi mmoja mwenye mdomo mkali kuliko moto wa mkaa wake, alikuwa ameegemea ukuta, amekauka midomo.

"Karibu, mwenye mito ya maji," alimwambia. "Umeona kile kitambaa chenu? Mgeni kaja, mwenyeji anaharisha."

Watu wakacheka, wengine wakishika matumbo. Mama Koki alitamani ardhi imfunike.

Ndani, mdogo wake alikuwa akinawa mikono kwa maji ya kikombe kimoja, akiyakinga kwenye beseni ayatumie tena kupiga deki. Hakumsalimia.

"Dada, wagonjwa kumi na saba tangu jana usiku. Nilikuwa na dripu nne. Zimeisha." Alimshika mkono, akampeleka kwenye kitanda cha pembeni. Mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto wa kike wa miezi tisa. Mtoto alilia kwa sauti ya kukwaruza, uso umekunjamana wote. "Mwangalie vizuri. Unaona nini?"

"Analia."

"Analia bila machozi. Unajua maana yake? Mwili hauna hata tone la kutoa. Nimeomba gari la kumpeleka hospitali, wameniambia gari linazungusha wageni." Nesi alifuta paji la uso kwa kiwiko. "Hicho kiwanda chenu kitatengeneza nini?"

"Dawa, wanasema."

"Dawa gani? Nimeuliza. Maji ya dripu, dada. Maji na chumvi kidogo ndani ya chupa, ya kupeleka nje. Wametufungia maji ili waonyeshe kwamba tuna maji ya kutosha kutengenezea maji."

Mama Koki aligeukia mlango.

"Usininyamazie. Fungua."

"Nikifungua, barua yangu..."

"Ile barua? Miaka kumi na mmoja iko mezani! Hiyo si barua, hiyo ni meza." Sauti ya nesi ilikatika. "Fungua, dada yangu. Nakuomba. Mimi sina kitu kingine cha kumpa huyu mtoto."

Alirudi nyumbani, na usiku kucha hakupata lepe la usingizi.

Alhamisi asubuhi Meneja alimpa buti mpya na glovu. "Za kupigia picha," alisema. "Jioni unarudisha stoo." Mama Koki alivaa. Buti zilikuwa kubwa, zilipiga vwap vwap alipotembea.

Tangi lilikuwa juu ya kilima kidogo, na chemba chini yake, hatua mia hivi. Wageni walikuwa watatu: mzee wa mitambo, kijana wa kupiga picha, na mwanamke mpole mwenye kishikwambi ambaye wenzake walimngoja aseme kabla ya wao kusema. Maji yalimwagika kutoka bomba la juu ya tangi, mazuri, mazito, yakipotea kwenye nyasi. Nyasi za pale zilikuwa zimenenepa kwa siku nne tu.

"Na hali hii ni ya kila siku?" mwanamke aliuliza.

"Kila siku," Meneja alisema. "Tatizo letu ni pa kuyapeleka."

Mama Koki alisikia kitu kikimpanda. Siyo hofu. Hasira, hasira tupu, ya miaka. Aliteremka kilima na spana yake, vwap vwap, hakuna aliyemtazama maana vibarua hutembeatembea. Akaingia chemba. Akavua glovu kwanza, kwa sababu zilimteleza, kisha akaanza kufungua.

Alipofika wa kumi alisikia bomba likikoroma. Wa ishirini likaanza kutetemeka chini ya miguu yake. Alipomaliza alikuwa analia na kutukana kwa pamoja, na huko juu mtaani sauti moja ilipaa, halafu kumi, halafu mtaa mzima: "Maji! Maji! Mama Koki kaamka!"

Juu ya tangi maji yaliacha kumwagika. Kipimo cha ubavuni kikaanza kushuka, na kila aliyesimama pale alikiona.

Meneja alishuka kilima mbio, tai begani. "Umefanya nini? Umefanya nini, we mwanamke?"

"Nimewapa wenyewe ziada yao."

"Funga!"

"Shuka ufunge. Mizunguko thelathini na miwili. Spana hii hapa."

Meneja alilitazama tope. Hakushuka.

Wageni walifika taratibu. Mama Koki alipanda kutoka shimoni, akasimama mbele ya yule mwanamke, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba huko juu wanakaa watu, kwamba wamefungiwa tangu Jumatatu, kwamba zahanati haina dripu, kwamba kuna mtoto analia bila machozi. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Alionekana kusikitika kweli. Akaangalia saa, akagusa kishikwambi mara tatu nne.

"Asante sana, mama," alisema. "Hii ni taarifa muhimu. Nimeiingiza."

Walipoondoka Meneja alimwambia avue buti za ofisi. Akavua. Akamwambia atoe spana.

"Spana ni yangu. Nilichongesha mwenyewe kwa fundi, mwaka ule mliponiambia nifungue valvu kwa koleo." Akaiweka begani, akapanda mtaa wa juu pekupeku, na kila mlango aliopita palikuwa na ndoo inajaa. Ijumaa mchana nesi alikuja mbio mpaka kwake, kiatu kimoja kimefunguka. "Analia, dada! Analia na machozi yanatoka!" Wakakumbatiana mlangoni wakicheka kama wendawazimu.

Kwa wiki tatu Mama Koki aliamini kwamba ameshinda. Hakuwa na kazi, alifua nguo za watu, lakini alitembea kifua mbele. Watu walisema kampuni imekwenda kwenye mji wa uwanja wa ndege.

Kisha matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya maji, yamezungushiwa maua ya karatasi. Mji uliochaguliwa ni huu. Nesi ndiye aliyesoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Umeme, wastani. Barabara, wastani. Maji, bora, kwa sharti moja. Akasimama.

"Endelea," Mama Koki alisema.

"'Siku ya nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, uvujaji mkubwa ulibainika kwenye bomba la kuelekea juu. Uvujaji huu uzibwe kwa kudumu kabla ya ujenzi kuanza.'"

"Uvujaji upi?"

Nesi aliacha kidole kwenye mstari. Alimtazama dada yake tu.

Mama Koki alisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Hakukuwa na mtaa kwenye karatasi ile. Hakukuwa na zahanati wala mtoto. Saa nne na dakika ishirini, saa ile aliyofungua valvu, ilikuwepo, imeandikwa sawasawa. Na neno *kudumu*, alilolisaka miaka kumi na mmoja, hatimaye lilikuwa limemfikia.

Jumatatu iliyofuata mafundi walifika na mashine ya zege. Walimkuta ameshaingia chemba, amekaa juu ya valvu.

"Mama, toka," msimamizi wao alisema. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. "Tunaziba hapa. Zege halilali."

"Na mimi silali."

"Usinitie matatani, mama yangu. Mimi nimetumwa." Aliendelea kumbembeleza, akatoa mpaka shikamoo mara mbili. Alipochoka alimpigia Meneja, sauti akaiweka wazi wote wasikie. "Bosi, kwenye chemba kuna mtu."

"Kuna nini?"

"Mtu. Mwanamke. Amekaa ndani."

"Karatasi niliyokupa imeandika kuna nini hapo?"

Msimamizi aliikunjua. "Uvujaji."

"Imeandika kuna mtu?"

"Haijaandika."

"Basi ziba uvujaji," Meneja alisema, na simu ikakatika.

Msimamizi alibaki ameishika simu. Wanawake wa mtaa wa juu walikuwa wameanza kuteremka, mmoja mmoja, na ndoo zao tupu, maana asubuhi ile ofisi ilikuwa imefunga maji kule tangini na koki zilikuwa zimekauka. Muuza mkaa alitandika kanga yake ukingoni mwa chemba, akakaa, miguu akaining'iniza ndani karibu na kichwa cha Mama Koki. Nesi akakaa upande wa pili na sare yake nyeupe. Wengine wakazunguka. Hakuna aliyepiga kelele.

Mashine ilizunguka. Jua lilipanda. Zege likaanza kuwa zito, likagonga kuta za pipa kwa vishindo, na fundi wa mashine akaogopa lisimgandie. Akachukua dumu la lita ishirini, akamimina lote ndani. Akachukua la pili.

"Hayo maji mmeyatoa wapi?" muuza mkaa aliuliza.

Fundi aliwaangalia wote na ndoo zao, akainamisha macho. "Kwenye tangi," alisema.

Dumu likabaki hewani, nusu limeinama.

"Mimina, mwanangu, mimina," Mama Koki alisema kutoka shimoni. "Likianza kuganda, ongeza mengine. Sisi hatuna pa kwenda."